Kupima majitaka mwambaoni mwa Ziwa Kivu kwa kiboti kisicho na nahodha

Hivi karibuni niliwasaidia wanafunzi watatu wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kupima majitaka karibu na mahali mto Kawa unapoingia ziwani. Maswali yao yalikuwa yale yale yaliyonihangaisha nilipoanza, kwa hiyo nimeona heri majibu yake yakae pamoja. Katika mwambao wetu watu huteka maji ya kunywa si mbali na mifereji inayoshusha uchafu wa vyoo, na Kivu Kusini haijaachana na kipindupindu kwa miaka mingi.

Hatua ya 1: Chagua chombo

Chukua kiboti, usichukue droni. Droni huona rangi ya uso wa maji tu, na kwa kuwa ziwa liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na betri huisha upesi. Zaidi ya hayo, katika mji ulioonja vita, mlio wa kitu kinachoruka huwatia watu hofu, nami sioni kipimo kinachostahili hofu hiyo. Kiwe kiboti cha matumbo mawili, kinachosukumwa na feni iliyo juu ya maji, kwa maana panga la chini ya maji hunasa mifuko ya plastiki na nyavu za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili.

Hatua ya 2: Panga njia

Omba ruhusa kwanza. Mimi hutumia ArduPilot, programu ya bure ya kuongoza vyombo visivyo na nahodha, na huchora mistari sambamba na ufuko iliyoachana mita 20. Weka mpaka ambao kiboti hakiruhusiwi kuuvuka, hasa upande ambako Ruzizi hutoka ziwani, kwani huko maji huvuta na Rwanda iko ng'ambo. Toka alfajiri, kabla ya upepo.

Hatua ya 3: Vipimo vya majini

Funga vihisi vinne: cha upitishaji umeme (ambao hupanda kadiri chumvi inavyozidi majini), cha joto, cha tope na cha oksijeni iliyoyeyuka. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima. Miongozo mingi imeandikwa kwa maziwa mengine, nayo husema kwamba penye majitaka upitishaji umeme hupanda. Kwangu ulishuka kila kiboti kilipokaribia mdomo wa mfereji. Nilisafisha kihisi, nikabadilisha waya, nikakifungua tena, mpaka nilipojaza ndoo moja maji ya ziwa na nyingine maji ya mto, nikazipima zikiwa bega kwa bega. Kihisi kilikuwa kizima. Ziwa Kivu hupokea chemchemi zenye chumvi kutoka chini, katika nchi ya volkano, hivyo maji yake ya juu husoma takriban mikrosimens 1,200 kwa sentimita (kizio cha upitishaji umeme), wakati maji ya mto yaliyobeba majitaka husoma chini ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo hapa kwetu tafuta mahali ambapo kipimo kinashuka.

Hata hivyo, usiridhike na kushuka peke yake. Maji ya mvua hukishusha vilevile, ndiyo maana mimi husubiri siku mbili baada ya mvua kubwa, kisha huangalia kama tope limepanda na oksijeni imepungua mahali hapo hapo. Sawazisha kihisi cha upitishaji umeme kwa maji ya kipimo, yaani yale ambayo usomaji wake unajulikana tayari, ya mikrosimens 1,413, ambayo yako karibu na ziwa letu, na hakikisha usomaji wote umerekebishwa kwa joto la nyuzi 25. Kihisi cha oksijeni nacho kiambie mwinuko: kwa nyuzi 24, maji yaliyojaa oksijeni hapa hufikia takriban miligramu 7 kwa lita, si 8.4 kama pwani ya bahari, na asiyerekebisha ataona uchafu hata pasipo na uchafu. Mwisho, maji ya mto yaliyopoa usiku huweza kuzama chini ya yale ya ziwa, ingawa yana chumvi kidogo. Pima kwa kina cha sentimita 20, kisha rudia njia ile ile kwa kina cha mita 1.

Hatua ya 4: Chupa

Vihisi havioni vijidudu. Chukua maji ndani ya eneo lililoshuka, nje yake, na mahali akina mama wanapoteka, katika chupa zilizochemshwa, uziweke gizani penye barafu na kuzifikisha maabara ndani ya saa 6 ili wapime E. koli, bakteria wanaoonyesha kuwa maji yameingiwa na kinyesi. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa nayo hata moja katika mililita 100.

Hatua ya 5: Baada ya kutoka majini

Vaa glavu na uoshe kiboti kwa maji yenye klorini, ila vihisi uvioshe kwa maji safi tu. Chapisha ramani kwenye karatasi, umpelekee mkuu wa avenyu kabla ya mtu mwingine yeyote, na umwonyeshe kwa kidole mahali pa kuteka maji palipoangukia ndani ya eneo la majitaka, ili wanaoteka hapo wajulishwe siku hiyo hiyo.