Paka muoga na safari ndefu ya gari
Jamani wenye paka, asubuhi ya safari msimkimbize nyumba nzima mkamsukumia kwenye keji, hapo mshaharibu safari yote. Mi keji naiweka sebuleni wiki nzima kabla, mlango wazi, ndani natandika kanga niliyoilalia haijafuliwa, na chakula anakula humohumo mpaka anaanza kulala mwenyewe. Siku yenyewe simpi chakula masaa kama manne kabla, maji anakunywa kawaida, maana akisafiri ameshiba anatapika na akishatapika ndo kilio hakiishi. Dar mpaka Dodoma ni kama kilomita 450 kwahiyo keji inakaa chini nyuma ya siti ya mbele isichezecheze, naifunika kanga ila upande mmoja naacha hewa ipite, redio chini. Ukimuona anahema mdomo wazi kama mbwa ujue joto au hofu imemzidi, washa AC au tafuta kivuli usimame kidogo. Mlango wa keji usifungue nje hata alie vipi, anachomoka humuoni tena. Na tafadhali sana Panadol usimpe, inaua paka, dawa ya kumtuliza kaongee na daktari wa mifugo.