Kamera inahesabu wateja, bosi anaona kwenye simu: tumia MQTT

Wadau, una kamera inahesabu watu mlangoni, tuseme duka liko Kariakoo, bosi yeye yuko Tegeta anataka kujua muda huu ndani kuna wangapi. Usimrushie video, bando litaisha kabla ya mchana, mrushie jibu tu kwa MQTT, yaani njia ya vifaa kutumiana meseji fupi kwenye mtandao. Hii kitu ilibuniwa 1999 kufuatilia mabomba ya mafuta kwa setilaiti, data ikiwa bei mbaya, ndo maana kichwa cha meseji kinaanzia baiti 2.

Kwanza weka broka, seva ya katikati inayopokea na kugawa meseji. Mosquitto ni bure na inatosha, ila kuanzia toleo 2.0 haipokei mtu wa nje mpaka uandike kwenye mosquitto.conf:

listener 1883
password_file /etc/mosquitto/passwd

Hiyo 1883 ni namba ya porti. Ikipita intaneti ya wazi hamia porti 8883 yenye TLS (inaficha data njiani), usibishe.

Topiki, yaani jina la njia inayopita meseji, ipange kama anwani: duka/kariakoo/mlango1/watu. Bosi akisikiliza duka/kariakoo/+/watu anapata milango yote. Ndani weka JSON fupi:

{"wakati":"2025-03-08T14:20:05+03:00","watu":14}

Huo wakati uwe wa fremu ilipopigwa, sio wa kutuma, maana mtandao ukisuasua meseji inafika imechelewa na ripoti yako inakuwa uongo.

Sasa hapa ndo wengi wanachemka, kamera inatoa fremu 25 kwa sekunde na wao wanatuma meseji 25, ya nini? Tuma namba ikibadilika tu, na modeli (programu inayohesabu watu) ikiyumba 14, 13, 14 subiri itulie kama sekunde moja ndo utume. QoS ni kiwango cha uhakika wa meseji kufika: idadi ya kawaida QoS 0 inatosha, ikipotea moja inakuja nyingine. Tukio muhimu, mfano mtu kaingia stoo usiku, QoS 1, ila inaweza kufika mara mbili kwa hiyo ipe namba yake. Kwenye meseji za idadi washa na retain (broka inatunza meseji ya mwisho), bosi akifungua tu anaona idadi ya mwisho.

Umeme ukikatika je? Weka last will, meseji ambayo broka inaituma yenyewe kifaa kikipotea ghafla, kabla ya kuunganisha, na ukishaunganika tuma "ipo" topiki hiyohiyo. Kwa Python (paho-mqtt):

client.will_set("duka/kariakoo/mlango1/hali", "haipo", qos=1, retain=True)
client.username_pw_set("jina", "nywila")
client.connect("192.168.1.10", 1883, keepalive=60)

Kujaribu, kwenye broka piga mosquitto_sub -u jina -P nywila -t 'duka/#' -v, alafu chomoa waya wa umeme wa kompyuta ya kamera. Isizidi dakika moja na nusu hivi, "haipo" inatokea.