Gari la Umeme na Mvua za Mwanza: Mambo ya Kuzingatia Kabla Barabara Haijajaa Maji

Anayenunua gari la umeme hapa Mwanza huulizwa swali lilelile na majirani: siku barabara ikijaa maji, si litakupiga shoti? Hofu hiyo inaeleweka, ila hatari kubwa ziko kwingine. Betri kubwa ya gari la umeme mara nyingi huwa na volti 300 hadi 400, lakini chanya na hasi yake zote mbili zimetengwa na bodi, tofauti na betri ndogo ya volti 12 ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Kompyuta ya gari huangalia kila wakati kama kuna umeme unaovujia kwenye bodi. Ukivuja, taa ya onyo huwaka, na gari linaweza kukata umeme wa betri kubwa au kukataa kuwaka tena. Ninachokihofia mimi ni vitu viwili: maji kulibeba gari zima, na uharibifu unaojificha chini ya sakafu kisha ukajitokeza siku nyingi baada ya barabara kukauka. Vyote viwili huzuiwa kabla mvua haijaanza.

Anza kwa kulijua gari lenyewe. Betri nyingi hupewa daraja la IP67, yaani zinahimili kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Kipimo hicho hufanyika betri ikiwa mpya, ndani ya maji safi yaliyotulia. Gari lililotumika Japani kwa miaka kadhaa, likapanda meli, likaja kupita kwenye kokoto za barabara zetu za mitaani, si lile lililopimwa kiwandani. Mpira wa kuzibia kifuniko cha betri hukakamaa. Kama betri iliwahi kufunguliwa ili kubadilisha seli, muulize muuzaji au fundi bila aibu: mpira wa kuzibia uliwekwa mpya, au ulirudishwa uleule? Asipokuwa na jibu, chukulia kwamba betri hiyo haizuii maji hata kidogo.

Kisha lipandishe gari kwenye lifti ya gereji, si kwenye jeki, mkaangalie chini kwa tochi. Tazameni kama plastiki ya kukinga chini imepasuka au imelegea, maana maji ya kasi huingia hapo, yakaishika na kuing'oa. Tazameni kama kasha la betri lina mbonyeo wa jiwe, na kama nyaya nene za rangi ya chungwa zimechubuka. Hizo ndizo zenye umeme mkubwa, hivyo ni za kutazama tu. Mwenye kuzigusa ni fundi aliyesomea, akiwa na glavu zake. Kwenye Nissan Leaf kuna jambo jingine: tundu la kuchajia liko puani, juu ya bampa la mbele, mahali palepale wimbi la maji linapogonga gari linapotembea. Kifuniko chake kikiwa hakifungi vizuri, kitengenezwe mwezi wa Agosti au Septemba, kabla ya vuli.

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ni habari nyingine kabisa, na wengi huzichanganya. Toyota Aqua au Prius ina injini ya petroli inayovuta hewa. Maji yakiingia kwenye njia ya hewa, injini hufa na konrodi, vyuma vinavyoshika pistoni, vinaweza kupinda. Tena betri yake iko upande wa siti ya nyuma, na huvuta hewa ya kujipoza kutoka ndani ya gari, kwa hiyo maji yakifika kwenye siti yamefika kwenye betri. Gari la umeme tupu halivuti hewa. Litaendelea kutembea pale ambapo la petroli limeshazima, na kwa sababu hiyo humpa dereva ujasiri wa kusonga mbele hadi mahali ambapo hatakiwi kufika.

Kuhusu njia, Mwanza ina maji ya aina mbili, na kila aina ina tabia yake. Maji ya mlimani hushuka kwenye majabali, udongo hauyanywi, na ndani ya muda mfupi yapo barabarani yakiwa na mchanga, mawe na takataka. Mto Mirongo huyakusanya na kuyapitisha Mabatini hadi katikati ya jiji kabla ya kumwaga ziwani, na wakazi wa kando yake wanajua unavyofurika. Maji haya yana nguvu ya kutisha, ila hayakawii kupungua mvua ikikatika. Maji ya ziwani ni kinyume chake: yanapanda polepole na kukaa, kama ilivyokuwa 2020 na tena 2024, ziwa lilipovuka mipaka yake ya kawaida na kuingia kwenye makazi ya ufukweni. Kwa maji ya mlimani, subira inatosha: paki mahali palipoinuka, usubiri. Kwa maji ya ziwani, kusubiri hakusaidii. Tafuta njia nyingine, uijue mapema, tena uipite siku ya jua ili uone mitaro isiyofunikwa, makalavati na matuta yako wapi. Maji yakishafunika, mtaro na lami huonekana sawa.

Mvua zetu kubwa ni za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo fanya mazoea ya kusoma tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kila jioni, kwa kuwa jioni ndipo unapochaji. Tahadhari ya mvua kubwa ikitoka, chaji mapema na uhakikishe Luku ina yuniti, maana umeme ukikatika usiku, asubuhi utaondoka na chaji uliyolala nayo. Usishuke chini ya nusu: njia ya kuzunguka ni ndefu, na foleni ya mvua, kiyoyozi kikikausha vioo na taa zikiwaka, inakula chaji. Kuchaji mvua ikinyesha hakuna shida kwa plagi ya gari yenyewe. Shida ni ekstensheni iliyotandazwa sakafuni. Kiboksi cha chaja kitundikwe ukutani, soketi iwe na ethi na breka inayokata umeme unapovuja, na ukiona maji yanakaribia uani, zima swichi kuu kwanza ndipo uchomoe. Kama tayari umesimama ndani ya maji, usiguse kitu.

Sasa kina. Chukua Leaf yenye uzito wa takriban kilo 1,500, sakafu yake ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 16 hivi. Sakafu ya gari la ukubwa huo tuikadirie kuwa mita za mraba 6. Kila sentimita 10 za maji yanayopanda juu ya usawa wa sakafu husukuma lita 600, yaani huliinua gari kwa kilo 600. Maji yakifika sentimita 41 hivi tangu barabarani, gari zima linaelea. Na halisubiri kuelea ndipo liponyoke: kwenye sentimita 30, tairi zimeshapoteza zaidi ya nusu ya uzito unaozishikiza kwenye lami, na mkondo ukilisukuma ubavuni linahama. Uzito wa betri hauliokoi, kwa kuwa sakafu yake pana na iliyozibwa vizuri ndiyo inayobebwa na maji.

Sentimita 30 ni rula ya shule iliyosimama, na kwa gari hilo ni karibu katikati ya rimu. Kipimo changu ni cha chini zaidi: maji yaliyotulia yasizidi sentimita 15, yaani yapite kidogo tu ukingo wa chini wa rimu. Maji yanayotembea, sivuki, hata yawe machache. Usimtume konda au kijana wa mtaani akapime kwa miguu. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Tazama tairi za gari lililotangulia, au ukuta na nguzo unazozijua urefu wake. Usipoweza kukadiria, geuza.

Ikibidi kupita maji yaliyotulia, subiri la mbele litoke kabisa, kisha nenda mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama na bila kuongeza kasi. Ukitoka upande wa pili, kanyaga breki taratibu mara kadhaa. Magari ya umeme hupunguza mwendo kwa mota, hivyo breki zenyewe hutumika kidogo na zinaweza kubaki zimelowa mpaka siku unapozihitaji kweli.

Ndani ya gari weka nyundo ndogo ya kuvunjia kioo na kisu cha kukatia mkanda, mahali mkono unapofika ukiwa umefunga mkanda. Vioo na loki hutegemea betri ndogo ya volti 12, nayo ikizama huenda visifanye kazi. Jifunze leo mlango unafunguliwaje kwa mkono, na wafundishe abiria wako, watoto wa siti ya nyuma hasa. Gari likianza kuelea, shusha kioo cha ubavuni mara moja na utoke. Kioo cha mbele usikihangaikie, hakivunjiki kirahisi. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Gari likishazama, usiliwashe wala kulichaji, hata kama dashibodi inaonyesha kila kitu ni sawa. Kimbunga Ian kilipopiga Florida Septemba 2022, magari ya umeme yaliyoingiwa na maji ya bahari yalishika moto, mengine siku kadhaa baadaye. Ziwa letu halina chumvi hiyo, ila maji ya mitaro yana tope na uchafu unaopitisha umeme, na moto wa betri hauna haraka. Likibebwa, liwekwe mahali pa wazi, mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba na magari mengine. Ukisikia mlio kama wa soda inayofunguliwa, au ukiona moshi ama mapovu, kaa mbali na upige 114. Wakifika, waambie kabla ya yote kwamba ni gari la umeme, kwa sababu betri huhitaji maji mengi sana kupoa.

Usikubali lifungwe kamba na kuvutwa na Noah ya jamaa. Tairi zilizounganishwa na mota zikizunguka, mota huzalisha umeme na kuurudisha kwenye mfumo ulioharibika. Gari libebwe lote juu, tairi zote zisiguse barabara. Piga picha alama ya maji ilipofika mlangoni kabla hujaliosha. Bima kubwa nyingine hulipa mafuriko na nyingine hailipi, kwa hiyo soma mkataba wako sasa, si siku hiyo. Na fundi akimaliza, akupe kwa maandishi kipimo cha ukinzani kati ya betri kubwa na bodi, yaani kinachoonyesha kama umeme unavujia kwenye bodi, kabla plagi ya chaja haijarudi kwenye tundu lake.