Kutangaza huduma ya wagonjwa majumbani kwa video: mwongozo kwa watoa huduma wa Tanga

Anayelipia huduma hii mara nyingi si mgonjwa. Ni mtoto wake aliyeko Dar es Salaam au Muscat, na mama amepooza upande mmoja, yuko Ngamiani. Linalomkosesha usingizi ni hili: nani ataingia chumbani kwa mama, na atamshikaje? Basi kila video ijibu swali moja la mtu huyo, kwa sekunde 45 hadi 60. Nembo inayozunguka na muziki havimjibu kitu.

Anzeni na kazi inayoonekana kwa macho, mfano kumgeuza mgonjwa asiyejiweza. Anayelala kitandani awe mwenzenu wa kazini anayeigiza. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kutoa ridhaa kwa kutikisa kichwa tu. Kagueni na chumba: kadi ya kliniki, picha za familia ukutani, boksi la dawa lenye jina, vyote viondoke.

Rekodini asubuhi, mwanga wa dirisha ukiingia kwa ubavuni. Kamera ikilielekea dirisha, sura zitakuwa nyeusi. Taa za tyubu zimeni: umeme wetu ni wa hezi 50 na simu nyingi hurekodi fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, ndiyo maana mistari hutembea kwenye picha. Taa ikiwa ni lazima, wekeni fremu 25 kama simu inaruhusu. Simu isimame wima, ukubwa 1080 kwa 1920, na kioo cha kamera kifutwe kwa kitambaa laini. Usivute picha kwa vidole, sogea karibu.

Sauti ndiyo huharibu kazi kuliko picha. Feni, mvua ya masika juu ya bati, upepo wa baharini kwa walioko Raskazone. Tumieni maiki ya kubana kwenye nguo, shubiri moja chini ya kidevu. Earphone ya waya nayo inafaa, mradi maiki yake isisuguane na kola. Rekodini sekunde 10, sikilizeni, ndipo muendelee.

Vipande sita vinatosha, kila kimoja sekunde 5 hadi 8. Mhudumu ananawa, kisha anasema kabla hajagusa: "Shikamoo bibi. Nakugeuza uelekee dirishani, ukiumia niambie." Sentensi hiyo msiikate hata kidogo, maana ndiyo mtoto aliye mbali anayoitafuta. Baada yake mkono wa mgonjwa unawekwa kifuani, goti linakunjwa, anashikwa begani na nyongani, anageuka taratibu. Mto mmoja kati ya magoti, mwingine mgongoni. Kamera ibaki kwenye mikono. Asivutwe kamwe kwa mkono uliopooza: bega huumia, na mtazamaji anayeijua kazi ataona na kuondoka.

Wekeni maandishi, kwani wengi hutazama bila sauti: "Hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda vya kulala." Yasikae chini kabisa, vitufe vya programu vitayafunika. Asiye na leseni ya uuguzi aandikwe mhudumu, asiitwe nesi. Msiahidi kwamba mgonjwa atatembea.

Sekunde 10 za mwisho ni za mitaa mnayofika (Makorora, Chumbageni, Pongwe), saa za kazi, bei ya kuanzia na namba ya simu. Mkificha bei, mtajibu "bei gani?" kutwa nzima.

Status ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo video ikae pia Facebook na YouTube. Mkiituma kwenye magrupu, chagueni ubora wa HD, la sivyo maandishi hufifia. Andaeni kabisa jibu la kumtumia anayeuliza: mgonjwa yuko mtaa gani, anaweza kukaa mwenyewe, ana mpira wa mkojo au kidonda, mnahitaji mchana au usiku?