Kulala kwenye hema la upepo kando ya Ziwa Tanganyika: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa safari fupi, usiku mmoja au mbili, kwa mtu wa Kigoma mjini, Ujiji au Kasulu anayetaka kulala ufukweni bila kuhangaika na fito. Hema la upepo halina fito. Lina nguzo za kitambaa kigumu, na ndani ya kila nguzo kuna tyubu ya plastiki laini unayoijaza kwa pampu. Kulisimamisha ni suala la dakika chache. Kulizuia lisiondoke ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo usishangae vigingi vikipewa nafasi kubwa kuliko pampu.

Jua kwanza kwamba ni zito. La watu wanne huvuka kilo 10 kwa urahisi. Kwa gari, bajaji au boti za Kibirizi halina shida, lakini kama unapanda vilima vya Kalinzi kwa miguu, beba hema la fito, usijitese. Na hilo "la watu wanne" ni la watu wanne wasio na begi hata moja. Wawili na mizigo yao watakaa kwa raha.

Hatua ya 1: Lijaze uani kabla ya safari

Lijaze jioni, uliache hadi asubuhi, kisha bonyeza kila nguzo. Kulegea kidogo ni kawaida, maana hewa ikipoa hupungua nguvu. Nguzo iliyolala chini kabisa ina pancha au valvu haikukazwa. Paka povu la sabuni kwenye valvu. Likitoa mapovu, fungua, futa mchanga, kaza tena. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Ufukweni tafuta mstari wa majani makavu na vipande vya matete ulioachwa na mawimbi. Maji yalifika pale, na yatafika tena. Panda juu zaidi ya mstari huo, hasa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini unapolichafua ziwa.

Epuka mwalo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Wavuvi wa dagaa hurudi alfajiri, na ule mchanga safi uliokuvutia ndipo wanapoanika. Ukiona nyavu zimetandazwa, sogea mbali. Kama unapenda kuona taa zao zikiwa zimetapakaa ziwani usiku, nenda siku zisizo na mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, na wavuvi wengi hupumzika.

Kabla hujashusha mzigo, mtafute mwenyeji. "Shikamoo mzee, tunaomba kulala hapa leo" inafungua mengi: utaambiwa eneo ni la nani, mwenyekiti wa kitongoji anakaa wapi, na kama kuna mamba au kiboko anayepita. Swali hilo la mwisho uliza hata kama unaona haya. Gombe ni habari nyingine: ni hifadhi, iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, inafikika kwa boti tu, na hema unaliweka pale TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wanapokuonyesha. Huko chakula kisilale hemani, kwa sababu nyani wamezoea watu.

Hatua ya 3: Turubai, kisha pembe nne

Fagia mawe, miiba na vipande vya chupa. Tandika turubai dogo kidogo kuliko sakafu ya hema, maana likizidi nje litakusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini yako. Tandaza hema juu yake, funga zipu za milango ili sakafu isivutike kupita kiasi, acha madirisha ya hewa wazi, na pigilia pembe zote nne kabla ya kugusa pampu. Hema lililojaa upepo bila kigingi likipigwa na upepo wa ziwa huondoka zima zima, na wewe utalikimbiza ufukwe mzima watu wakikuangalia.

Hatua ya 4: Jaza

Soma namba iliyoandikwa karibu na valvu. Mahema mengi yanataka psi (kipimo cha presha ya hewa) 6 hadi 9. Tairi la gari linabeba kama psi 30, kwa hiyo kaa mbali na kompresa ya gereji, itapasua tyubu kabla hujaita "acha!" Pampu ya baiskeli nayo haifai, inatoa hewa kidogo mno na mdomo wake haukai kwenye valvu. Tumia pampu ya mkono iliyokuja na hema, ile yenye saa ya presha.

Nguzo inapoanza kuinuka, mwenzako ainyooshe kwa mkono pale inapojikunja. Watoto wa jirani watakuwa wamefika kufikia hapo. Wape pampu kwa zamu, kazi itaisha haraka na hawatapata muda wa kurukia nguzo.

Hatua ya 5: Vigingi na kamba

Vile vigingi vyembamba vya kwenye mfuko wa hema havifai kwa Kigoma. Mchangani vinachomoka kwa vidole viwili, na kwenye udongo mwekundu wa kiangazi vinapinda.

Kwa udongo mgumu, mwambie fundi wa kuchomelea akukatie nondo nyembamba, vipande vya sentimita 30, akunje kichwa cha kila kimoja kama ndoano. Kipigilie kikiwa kimelala: kichwa kiegemee upande wa nje, ncha ielekee chini ya hema. Kikisimama wima, kamba itapanda na kuchomoka.

Mchangani, zika mti. Chimba shimo la sentimita 40 hivi, chukua kipande cha kuni chenye urefu wa mkono, funga kamba katikati yake, kilaze shimoni kikingamana na kamba, fukia na ukanyage sana. Ukimwagia maji juu, mchanga hushikana zaidi. Kama kuni hakuna, mfuko wa sandarusi uliojazwa mchanga unafanya kazi ileile.

Funga kamba pande zote. Watu hufunga upande wa ziwani tu kwa kuwa mchana upepo hutokea huko, lakini usiku unageuka na kushuka kutoka vilimani.

Hatua ya 6: Jua na presha

Hapa ndipo mahema mengi yanapofia. Ukijaza psi 7 asubuhi nguzo ikiwa na nyuzijoto 22, jua likaipasha hadi 50, presha inafika karibu 9 bila mtu kugusa pampu. Kwa hiyo ukifika saa sita mchana, jaza pungufu, kisha ongeza jua likizama. Ukiondoka kwenda kuogelea na kuliacha juani, punguza kidogo kwanza. Kivuli cha mwembe kinasaidia, ila si msimu wa maembe.

Hatua ya 7: Usiku

Acha madirisha ya hewa wazi huku wavu wa mbu umefungwa. Ukifunga kila kitu, pumzi zenu zitageuka matone darini.

Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likibaki majivu ya moto tu, hata mvua ikinyesha. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Migebuka ichomwe nje, upande ambao upepo hauleti cheche kwenye hema. Cheche moja inatosha kutoboa kitambaa na tyubu.

Hatua ya 8: Ikipata pancha

Fungua zipu ya nguzo, vuta tyubu, ijaze kidogo, izamishe kwenye beseni la maji uone mapovu. Weka alama kwa kalamu, kausha, bandika kiraka cha plastiki cha aina ya tyubu yenyewe. Gundi na viraka vya fundi baiskeli ni vya mpira, kwenye plastiki hii vinabanduka. Nunua viraka sahihi siku unayonunua hema.

Hatua ya 9: Kunja

Fungua valvu zote, subiri, kisha anza kukunja upande wa mbali ukielekea kwenye valvu ili hewa iwe na pa kutokea. Pangusa mchanga kwenye zipu. Kama limelowa umande, lianike siku hiyohiyo ukifika nyumbani, vinginevyo litaota ukungu na kunuka. Likikauka liweke juu, mbali na magunia ya mahindi, maana panya akilifikia hachagui kati ya gunia na tyubu.