Tofu ya kuchoma ya Guizhou kwa soya ya Bukavu

Guizhou ni mkoa wa milima kusini-magharibi mwa China, na watu wengi wa kabila la Wamiao wanaishi huko. Katika vichochoro vya Xijiang, kijiji chao kikubwa wilayani Leishan, na katika mitaa ya Guiyang, mji mkuu wa mkoa, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa) huuzwa ikichomwa palepale. Aina inayotufaa zaidi huku kwetu Kongo ni ile ya Guiyang: kipande hulazwa usiku mmoja baada ya kutiwa katika maji yenye magadi, kisha huwekwa juu ya wavu hadi kifure, hupasuliwa ubavuni na kujazwa pilipili. Nje kinakuwa na ngozi kavu ya dhahabu, ndani laini karibu na uji. Soya inalimwa Walungu na Kabare, karibu na Bukavu, makala (makaa ya kuchomea) yapo, pilipili ipo. Kinachokosekana Bukavu ni kiungo kimoja tu.

Kupata tofu yenyewe

Nunua kilo 1 ya soya kavu sokoni Kadutu. Chagua punje za manjano hafifu zenye ngozi nzima, na umuulize mama muuzaji ni za msimu gani. Soya iliyokaa ghalani zaidi ya mwaka hutoa maziwa mepesi, na tofu yake hubomoka.

Toa mawe, osha, loweka katika lita 3 za maji. Kwa baridi ya Bukavu au Goma acha saa 12 hadi 14. Lubumbashi wakati wa joto la Oktoba, saa 8 zinatosha. Pasua punje moja uangalie: ikiwa katikati bado kuna kishimo au rangi imekolea, haijalowa vya kutosha.

Mwaga maji hayo, suuza, kisha saga na lita 3 za maji moto, kidogo kidogo. Usitumie maji baridi. Punje ikivunjika, kimeng'enya kilichomo ndani yake huamka na kuleta ile harufu ya maharage mabichi inayowafanya watu wengi waikatae soya. Joto hukizima mapema. Saga hadi ukisugua kwa vidole usihisi chenga.

Mimina kwenye sufuria ya lita 12 au zaidi, ongeza lita 4 za maji, weka motoni. Koroga ukikwangua chini kwa mwiko, kwa sababu soya hushika sufuria upesi na harufu ya kuungua haitoki tena. Povu litapanda ghafla kabla uji haujachemka kweli. Punguza moto, tia kijiko kimoja cha mafuta, endelea. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo hesabu dakika 15 kamili tangu yanapotokota, hata kama maelekezo mengine yanasema 10. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na isiyoiva huumiza tumbo.

Chuja kwa kitambaa safi ukikamua kwa nguvu, ukijilinda na moto. Machicha usiyatupe: changanya na unga wa mandazi, au wape kuku.

Rudisha maziwa motoni yakaribie kuchemka, epua, ngoja dakika 5. Changanya mililita 200 za maji ya ndimu na mililita 200 za maji ya kawaida. Mimina theluthi moja ukizungusha mwiko mara moja, theluthi ya pili juu juu bila kukoroga, funika dakika 5, kisha ya mwisho pale tu panapobaki peupe. Funika tena dakika 10. Sasa maji yaliyojitenga yawe ya manjano na maangavu. Yakibaki meupe kama maziwa, ama ndimu haijatosha (ongeza vijiko 3), ama maziwa yalikuwa yamepoa (yapashe polepole). Kukoroga sana ndilo kosa la kawaida: mabonge yanavunjika, na tofu inakuwa na chengachenga kavu.

Teka mabonge uyaweke kwenye kisanduku cha mbao chenye matundu, sentimita 25 kwa 25, kilichotandikwa kitambaa. Funika, weka mzigo wa kilo 4 kwa dakika 40. Utapata tofu ya kilo 1.5 hadi 1.8, unene wa sentimita 2.5 hivi. Usizidishe mzigo, maana tofu iliyokamuliwa sana haifuri motoni.

Kuilaza

Kata vipande vya sentimita 6 kwa 4. Vitakuwa karibu 25. Viloweke kwanza katika maji safi nusu saa ili ndimu itoke. Ukiruka hatua hii, ndimu iliyobaki itaimaliza nguvu magadi, na asubuhi utakuta tofu ileile ya jana.

Katika lita 2 za maji yaliyochemshwa yakapoa, yeyusha gramu 30 za magadi ya bikarbonati (vijiko 6 vya chai, vya kusawazishwa) na vijiko 3 vya chai vya chumvi. Zamisha vipande saa 3. Magadi hulegeza protini iliyoshikana ili ishike maji zaidi, na ndiyo sababu ndani hulainika motoni. Ukizidisha bikarbonati, utapata ladha ya sabuni isiyofichika kwa pilipili yoyote.

Vitoe, vipange juu ya jani la mgomba lililooshwa bila kugusana, funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha usiku mmoja mahali pa baridi, saa 8 hadi 10. Lubumbashi, tumia friji. Asubuhi ngozi iwe ya manjano kidogo na yenye utelezi, na harufu hafifu ya magadi ni sawa. Ukiona doa la waridi au jeusi, au ukinusa uozo, tupa.

Moto na pilipili

Ngoja makala yawe mekundu yenye jivu juu, bila ndimi za moto. Paka wavu na tofu mafuta ya kupikia. Mawese yana harufu kali mno kwa kazi hii. Geuza kila baada ya dakika 2, kwa dakika 10 hivi, mpaka kipande kifure na ngozi ikaze. Kikinata, usikikwangue: ngozi haijakauka, kikikauka kitajiachia. Kikiwa cheusi kabla ya kufura, moto ni mkali, inua wavu.

Pilipili ya Guizhou huchomwa kwanza. Weka pilipili kavu 15 juu ya jivu moto hadi ziwe za kahawia iliyokolea, kisha zitwange. Changanya na vitunguu saumu punje 4, kipande cha tangawizi, majani ya vitunguu, kotimiri, vijiko 4 vya mchuzi wa soya na kimoja cha siki. Wenyewe hutia mizizi ya zhe'ergen, mmea wenye harufu ya samaki, na hicho ndicho kiungo tusichokuwa nacho. Mbadala wetu ni nusu kijiko cha sambaza kavu (dagaa wa Ziwa Kivu) zilizokaangwa na kutwangwa: hazileti ule ubichi wa mzizi, lakini zinajaza pengo. Pasua kipande ubavuni, jaza, kula papo hapo. Uangalie ulimi, ndani kunachoma.

Ile ya mtungini

Guizhou kuna pia tofu inayooteshwa ukungu mweupe kisha kuhifadhiwa mtungini kwa chumvi na pombe. Ukiikuta safarini, chukua kiasi cha ncha ya kijiti pamoja na wali, kwa sababu ina chumvi kali. Usijaribu kuitengeneza nyumbani kwa kukisia. Katika mtungi uliofungwa wenye chumvi kidogo huweza kukua bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu inayopoozesha misuli ya kupumua. Spora zao, yaani mbegu ngumu wanazozaliana nazo upya, hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida, na sumu hiyo hainuki. Huko China kwenyewe, vyakula vya soya vilivyochachushwa nyumbani vimeleta sehemu kubwa ya visa vya ugonjwa huo.

Tofu iliyolazwa haingoji: ichome siku ileile, au iweke frijini isizidi siku moja. Yale maji ya manjano ya kwenye sufuria, weka lita 1.5 katika chombo safi kilichofunikwa. Kesho yatakuwa yamechacha, na yatagandisha maziwa yajayo badala ya ndimu, kama wanavyofanya sehemu kadhaa za Guizhou.