Kupanga maneno kwenye sentensi za Kiingereza: anza na kitenzi

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na muda kama huu naletewa pepa nyingi za majaribio nisahihishe. Maksi zinazoniuma kuliko zote ni za yale maswali ya kupanga maneno, maana unaona kabisa mwanafunzi msamiati anao, kila neno analijua maana yake, ila kaliweka mahali sio pake na maksi imeondoka. Mi nafundisha tuisheni ya Kiingereza kwa vidato vya pili na vya nne, kwa hiyo naandika hapa vilevile navyoeleza darasani, chukua daftari na penseli tufanye wote.

Kabla ya hatua, elewa tatizo linatoka wapi. Kwenye Kiswahili naweza kusema "Kitabu nilikinunua jana sokoni", au "Jana nilikinunua kitabu sokoni", au "Nilikinunua sokoni jana kile kitabu", na wewe hupotei, kwa sababu ndani ya kitenzi kuna "ni" inayosema ni mimi na kuna "ki" iliyokishika kitabu. Kitenzi chetu kinabeba kila mtu mgongoni. Kiingereza hakina hiyo, neno linajulikana kazi yake kwa pale liliposimama tu. "The dog bit the man", mbwa kamng'ata mtu. Hamisha hao wawili, maneno ni yaleyale hujaongeza wala kupunguza, "The man bit the dog", sasa mtu ndo kamng'ata mbwa. Ndo maana ukitafsiri sentensi ya Kiswahili neno kwa neno unaanguka.

Tuchukue swali moja tulifanye mpaka mwisho. Maneno yamechanganywa hivi: market, a, bought, my, yesterday, new, at, mother, dress, the, red.

Hatua ya kwanza, tafuta kitenzi na ukipigie mstari. Usianze na neno la kwanza la sentensi, wengi wanakaa dakika mbili wanawaza sentensi inaanzaje, achana nalo hilo kwanza. Hapa kitenzi ni "bought". Angalizo, neno lenye "ing" peke yake halijawa kitenzi cha sentensi mpaka lipate "is", "was", "have been" na wenzake, kwa hiyo ukiona "running" tafuta na mwenzake yuko wapi.

Hatua ya pili, hesabu nomino na uzipe vitangulizi vyake. Nomino ni tatu, mother, dress, market. Sasa angalia, kuna "a", kuna "my", kuna "the", navyo vitatu. Kila mmoja anapata chake. "My mother" inakuja yenyewe, nguo inatajwa kwa mara ya kwanza basi inachukua "a", soko ni lile tunalolijua, "the market". Hii hatua ndo wanafunzi wanairuka, na ndo inayoacha vile vineno vidogo vinaning'inia mwishoni havina pa kukaa.

Hatua ya tatu, uliza nani kafanya na kafanya nini. Kiima, kitenzi, shamirisho, yaleyale ya sarufi ya Kiswahili. "My mother bought a dress." Na shamirisho likae jirani na kitenzi, usiweke kitu katikati yao. Kosa ninalolikuta karibu kila pepa ni "I like very much fish", inatakiwa "I like fish very much".

Hatua ya nne, vivumishi. Sisi tunaweka nyuma, gauni jipya jekundu, wao mbele, na wana foleni: unavyokiona kitu, ukubwa, umri, rangi, kinakotoka, malighafi yake. "A beautiful small old brown wooden box." Badala ya kukariri foleni yote mi huwa nawaambia hivi, uzuri wa sanduku tunaweza kubishana mimi na wewe, basi unakaa mbali na sanduku, lakini mbao ni mbao hakuna ubishi, basi inakaa imegusana nalo. Kwetu hapa umri kabla ya rangi, "a new red dress".

Hatua ya tano, mahali halafu muda. "My mother bought a new red dress at the market yesterday." Muda unaweza kwenda mbele kabisa pia, ila usiuweke katikati ya "bought" na gauni. Na hawa kina "always", "often", "never" wana kiti chao, kabla ya kitenzi kikuu, "He always comes late", lakini wakikutana na "is" au "was" wanakaa nyuma yake, "He is always late". Kukiwa na "has" wanaingia kati, "She has never eaten octopus".

Sasa maswali, hapa nakaa sana. Darasani nakata kalenda za zamani, nyuma naandika neno moja moja kwa maka pen, kila mwanafunzi anashika lake wanasimama mstari. "She is going to Tanga." Tunataka swali, basi aliyeshika "is" anamruka "she" anakaa mbele, "Is she going to Tanga?" Halafu naweka "She went to Tanga". Aliyeshika "went" anataka kuruka, namzuia, yeye haruki, anaita "did" aje asimame mbele, na "did" akija anauchukua ule wakati uliopita wote, kwa hiyo "went" anageuza karatasi yake anabaki "go". "Did she go to Tanga?" Wakishaliona hilo kwa macho, "Did she went" inapungua sana kwenye daftari zao.

Kisha kuna mtego, swali likiingia ndani ya sentensi nyingine. Kiswahili hakibadiliki, "Anaenda wapi?" na "Sijui anaenda wapi", mpangilio uleule. Kiingereza kinabadilika, "Where is she going?" lakini "I don't know where she is going". Yule aliyeruka anarudi kwake, maana hapo huulizi tena. Na kwenye kauli ya taarifa ni hivyohivyo, "He asked me where I lived", sio "where did I live".

La mwisho ni lile la kuandika upya sentensi ukiambiwa uanze na "No sooner". Umepewa "As soon as the teacher entered the class, the students stood up". Neno la kukanusha likikaa mbele, kitenzi kisaidizi kinamruka kiima kama kwenye swali ingawa huulizi kitu: "No sooner had the teacher entered the class than the students stood up". "No sooner" anatembea na "than", "hardly" anatembea na "when", ukiwabadilisha wenza umekosea hata kama mengine yote uko sawa. "Never have I seen" ni kanuni hiyohiyo.

Ukimaliza kupanga, rudi kwenye swali uweke tiki ndogo ya penseli juu ya kila neno ulilotumia, herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho. Likibaki neno moja halina tiki mara nyingi utakuta ni "a" au "the", na hapo ujue kosa lako liko hatua ya pili, kuna nomino umeiacha haina chake.